Ulimi wa Kuazima

Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, mna mas'ala fupi kwenye mlango wa talaka. Mtu asiyejua Kiarabu anatamka kwa Kiarabu neno la kumwacha mkewe, na maana yake haijui. Mke ameachika? Hakuachika. Sauti imetoka na herufi zimetimia, ila neno halina mwenyewe. Wanafunzi wangu wa darsa ya wanawake, Tanga, hucheka kila tukifika hapo. Huuliza mtu mzima mwenye akili zake atawezaje kutamka jambo zito kama hilo bila kujua anasema nini.

Anaweza sana. Msimu mmoja wa baridi nilikuwa Seoul, nikizunguka mitaa ya Hoegi na daftari mkononi, nikiwasomea wenye nyumba maneno ya Kikorea niliyoandikiwa kwa herufi zetu. Niliahidi kodi, siku, dhamana na mwenendo mwema kwa lugha ambayo sikuwa nayo hata ya kuombea maji. Tangu hapo ile mas'ala siisomeshi kwa kicheko. Ndani yake mna swali jingine ambalo Imamu hakulihitaji kwenye mlango wa talaka: ukiazima ulimi wa mtu ukafungia mkataba, aliyeahidi ni nani?

Kilichonipeleka ni uzazi. Binti yangu anasomea shahada ya uzamivu huko, mumewe yuko kazini Dodoma, na bweni alilokuwa akiishi halipokei mtoto mchanga. Vyumba vya wanafunzi wenye familia vilikuwa vifunguliwe muhula wa Machi. Katikati palikuwa na arobaini, na kwetu mzazi hakai arobaini peke yake. Tumbo lilikuwa limeshashuka, daktari amemkataza vilima na ngazi, na Seoul ni mji wa vilima na ngazi. Kazi ya kutafuta chumba ikawa yangu.

Asiyewahi kupanga nyumba Korea huenda akadhani ni suala la bei tu. Upangaji wa kule una njia kuu mbili. Ya kwanza ni jeonse: unamkabidhi mwenye nyumba fedha nyingi kwa mkupuo, unakaa kwa kawaida miaka miwili bila kodi ya mwezi, kisha unarudishiwa fedha zako zote. (Hiyo peke yake ingenitosha darsa ya mwezi mzima. Mkopo unaomnufaisha mkopeshaji kwa makazi una hukumu gani? Nikaiacha, nilikuwa na haraka ya chumba.) Ya pili ni wolse, yaani dhamana ndogo na kodi ya kila mwezi. Hiyo inayoitwa ndogo, kwa chumba cha kawaida cha mwanafunzi cha mkataba wa mwaka, mara nyingi ni won 5,000,000 au 10,000,000.

Mtu wa siku arobaini hana pake humo. Hata sheria inayowalinda wapangaji wa nyumba za kuishi, ya mwaka 1981, imeuacha nje upangaji ambao ni dhahiri kuwa wa muda tu. Mpangaji wa muda anabaki na karatasi yake na neno lake. Na tusidhani wenyeji wako salama kwa kuwa wanaijua lugha: mwaka 2022 na 2023 wapangaji wengi wa Kikorea, hasa Incheon, walipoteza dhamana zao za jeonse kwa utapeli, mpaka Bunge likapitisha sheria maalumu ya kuwasaidia. Ikiwa aliyezaliwa ndani ya lugha anaweza kutia saini hasara yake, mgeni mwenye daftari afanyeje?

Aliyeniandikia daftari ni msichana wa Kikorea aliyesoma Kiswahili Hankuk University of Foreign Studies, akawahi pia kukaa Unguja. Alinipa shikamoo iliyonyooka, akaniita Mwalimu, nikamwita mwanangu. Upande wa kushoto wa ukurasa aliandika ninachotaka kusema, upande wa kulia namna ya kukitamka. Bang issoyo, chumba kipo? Olmayeyo, bei gani? Bojunggum, dhamana. Changmun issoyo, dirisha lipo? Alinifundisha kumwita mwenye nyumba sajangnim, kama vile mtu anavyomwita tajiri au bosi, hata akiwa mzee wa pensheni mwenye vyumba viwili vya kupangisha. Na kila mazungumzo nimalizie na jal butakdurimnida. Nilipomuuliza hapo nimesema nini, akajibu, "Umejiweka mikononi mwake, Mwalimu." Sikuipenda sana. Sikuwa najiweka mikononi mwa mtu nisiyemjua, nilikuwa natafuta chumba. Lakini nikaona na sisi tunamwambia mgeni hapa ni kwako, wala hatutarajii aanze kubadilisha pazia.

Pa kwanza tulipokwenda palikuwa goshiwon. Ni majengo yaliyoanza kwa ajili ya watu wanaojifungia kusomea mitihani ya serikali, sasa ni makazi ya wafanyakazi wa kipato kidogo, wanafunzi na wageni. Vyumba ni vidogo mno, jiko ni la wote, na mara nyingi wali na kimchi hutolewa bure. Sikuwa na nia ya kumweka mzazi pale, nilitaka pa kulala mwenyewe mpaka ajifungue. Mzee wa mapokezi nikamsomea swali langu la dirisha, akajibu issoyo, lipo, bila kusita. Tukapanda. Kitanda kilianza pale mlango ulipoishia, miguu ya mlalaji inaingia chini ya meza ndogo yenye friji pembeni. Juu ya meza kulikuwa na dirisha kweli. Nikalifungua, nikaona ukuta wa korido na viatu vya jirani.

Msichana wangu akaniambia kwamba wenyeji hawaishii kwenye swali la lipo au halipo. Huuliza dirisha la ndani au la nje, na kodi zake ni mbali mbali. Si jambo la starehe. Novemba 2018 goshiwon moja ya Jongno, katikati ya Seoul, iliungua alfajiri na watu 7 wakafa. Dirisha la nje siku hiyo lilikuwa njia ya kutokea.

Sasa mzee yule alisema uongo? Nimelipima jambo hili kwa mizani ninayoifundisha na sioni uongo. Niliuliza lipo, na lilikuwepo. Lakini tunayo ile habari mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipoingiza mkono kwenye lundo la nafaka akakuta chini ni mbichi, juu ni kavu. Muuzaji hakuwa ametamka neno lolote la uongo. Alipanga tu, kikavu juu, kibichi chini, na kwa kupanga huko akakemewa. Hukumu ilifuata kile ambacho mnunuzi aliachwa aamini.

Nilitoka pale nikinung'unika na nikiwa na haki ya kunung'unika. Sikujua kwamba kabla ya wiki kwisha jina langu litatumika kuweka kikavu juu.

Tulipata tangazo la chumba cha chini, chenye jiko lake na bafu lake, sakafu ya kupashwa moto, karibu na kituo cha treni. Msichana akamwandikia mwenye nyumba ujumbe kwa simu kwa niaba yangu. Jibu likaja upesi, la furaha: karibuni, njooni mtie saini. Kabla ya kufurahi nikamwambia, "Mwanangu, nisomee nilichosema. Kwa Kiswahili, usiruke kitu." Akasoma. Wanawake wawili, mmoja ni mwalimu. Watulivu. Hawavuti sigara wala hawanywi pombe. Wanahitaji chumba siku arobaini na watalipa zote mwanzo.

"Na mtoto?"

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, ukimtaja mtoto hupati chumba. Kuta ni nyembamba, wanaogopa kilio. Na hawajauliza. Hujadanganya."

Sitaki msomaji amdharau msichana huyu. Alikuwa ameacha masomo yake na kutembea nami kwenye baridi ya kukata masikio bila ujira, na alilolifanya alilifanya kwa huruma. Tena hoja yake ina nguvu. Kila mkalimani anachagua. Aliniongezea heshima ambazo sikuzitamka, akanipunguzia ukali ambao niliutamka, na bila hayo nisingejibiwa hata ujumbe mmoja. Kama nilikubali aniongezee "watulivu", kwa nini nikatae aniondolee mtoto?

Nimelizungusha swali hilo kichwani muda mrefu kuliko nilivyokaa Korea. Jibu langu ni kwamba kosa halikuwa katika kuongeza wala kupunguza. Heshima alizoniongezea niliulizia, nikaambiwa, nikazikubali, nazo zikawa zangu hata kama sikuweza kuzitamka vizuri. Mtoto aliondolewa bila mimi kujua. Laiti ningetia saini kabla ya kusomewa, Nawawi angeniambia kwamba ujumbe ule haukuwa wangu, na ningeweza kulala usingizi. Baada ya kusomewa, kila dakika niliyonyamaza ilikuwa yangu. Tofauti ya hali hizo mbili ni sentensi moja ya Kiswahili: nisomee nilichosema. Ndiyo maana simwonei huruma mtu anayejitetea kwamba hakujua wakati kujua kulikuwa kwa kuuliza tu.

Mafakihi walilijadili jambo la mkalimani zamani sana, mbele ya kadhi. Mtu ameletwa mahakamani na kadhi haijui lugha yake: anayemtafsiria ni nani kisheria? Abu Hanifa akaona mmoja anatosha, kwa kuwa anafikisha habari tu. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani yetu, akamweka pamoja na mashahidi, kwa hiyo watakiwe wawili waadilifu. Zamani nilidhani Shafi alizidisha uzito. Sasa naona aliwaza kama mtu aliyewahi kuwa mgeni. Anayefikisha habari ukimkosa unakosa habari, lakini shahidi akikosea anakuvunjia haki yako nawe umekaa hapo hapo unatabasamu. Na Mtume mwenyewe, inavyopokewa, alimwagiza Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisipite mikononi mwa mtu asiyemwamini, na Zayd akamaliza kabla nusu mwezi haijatimia.

Msomaji wa leo ataniambia simu ipo. Ninayo, na ilinisaidia kununua maziwa na nepi. Lakini shahidi sharti awe mtu mwenye akili na uadilifu, anayeogopa kuulizwa. Simu haina dhima. Ikikosea haitahayari, wala huwezi kuishika mkono ukaiambia njoo kesho kwa kadhi.

Nikatafuta mkalimani wa pili. Yule msichana aliumia kidogo, akauliza, "Huniamini, Mwalimu?" Nikamwambia namwamini kama ninavyomwamini shahidi wa kwanza. Akacheka, na yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha wa kupiga. Korea kuna huduma iitwayo BBB, iliyozaliwa wakati wa Kombe la Dunia la 2002. Unapiga, unachagua lugha, simu inaunganishwa moja kwa moja na mtu aliyejitolea, popote alipo, usiku au mchana, na hulipi ukalimani. Kiswahili kimo katika orodha yao. Herufi hizo tatu zinamaanisha kikosi cha kabla ya Babeli, yaani kabla Mungu hajavuruga ndimi za watu kama Kitabu cha Mwanzo kinavyosimulia. Mimi nimelelewa na Sura ya Ar-Rum, ambamo kutofautiana kwa lugha na rangi zetu kunatajwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, kwa hiyo Babeli siilalamikii. Lakini nilifurahi kwamba kuna watu waliokasirishwa nayo kiasi cha kuacha simu zao wazi usiku.

Akapokea mwanamume Mkorea, Kiswahili chake cha vitabu, sahihi kuliko cha wajukuu zangu. Nikamwambia amweleze mwenye nyumba kwamba tutakuwa watatu, wa tatu yuko tumboni. Akaeleza. Nikasikia upande wa pili ukimya, kisha maneno mengi ya adabu. "Anaomba radhi sana," akaniambia yule bwana, "anasema jengo lina wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani." Chumba kikaenda.

Tulirudi kwa basi, msichana kimya, mimi kimya. Kisha akaniuliza jambo ambalo wanafunzi wangu wa Tanga hawajawahi kuniuliza. Alipokuwa Unguja aliona watu wakisali kwa Kiarabu, na aliowauliza maana, wengi walimwambia hawaijui. "Sala si kubwa kuliko kodi ya nyumba, Mwalimu? Mbona kule neno usilolijua linakubaliwa?"

Swali la haki. Abu Hanifa huyo huyo alipokewa kuruhusu asiyeweza Kiarabu asome kwa Kifarsi, na Shafi akakataa. Babu zangu walisali maisha yao yote kwa maneno ambayo wangetafsiri machache tu, na siamini kwamba sala zao zilipotea. Nilimjibu hivi. Katika sala, Anayesikiliza anajua ninachotaka kabla sijafungua kinywa. Ujinga wangu haumdanganyi wala haumdhuru. Nikitamka vibaya, nia imeshafika. Mwenye nyumba hajui kilichomo moyoni mwangu wala tumboni mwa binti yangu. Ana maneno yangu tu, na kwa maneno hayo atakabidhi ufunguo. Kwa hiyo, ingawa inashangaza, natakiwa kujua maana zaidi ninapozungumza na mama mwenye vyumba viwili kuliko ninapozungumza na Mola wangu. Mama huyo ndiye anayeweza kupotezwa na neno langu.

Akafikiri, akasema basi kwenye sala haina haja ya kujua. Hapana, haja ipo, ila ni haja yangu mimi. Sheikh Abdulla Saleh Farsy hakuitoa tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa sababu Mungu hakuwa akituelewa. Aliitoa kwa sababu sisi ndio hatukuwa tukijielewa tunasema nini. Hapo akanyamaza, sijui kama alikubali au alifika kituo chake.

Chumba tulikipata kwa dalali, katika mojawapo ya zile ofisi za mtaani ziitwazo budongsan, zenye vioo vilivyobandikwa karatasi za bei. Safari hii mtoto alikuwa neno la kwanza. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa umri wangu. Msichana akatafsiri, bwana mwingine wa BBB akarudia kwa simu, na mama yule akatusikiliza wote wawili kwa subira ya mtu anayeona wageni wana mambo. Alitupandishia kodi, kwa gesi ya kupashia sakafu na maji ya kufulia nguo za mtoto, akatamka kiasi, nasi tukakubali. Akataka tusipige kelele baada ya saa nne usiku, nikamwambia naweza kujiahidia mimi na binti yangu, mtoto simwahidii. Ilipotafsiriwa akacheka. Nikamuuliza siku gani tuingie, akasema saheul, na hapo mkalimani wa pili akazaa matunda, kwa sababu dalali kijana alikuwa tayari ameandika siku nne. Saheul ni siku tatu. Nne kwa Kikorea ni sa, na mfanano huo unawapoteza wenyewe: mwaka 2020, ilipotangazwa likizo ya siku tatu kwa neno hilo, Wakorea wengi walidhani ni nne na mjadala ukavuma nchi nzima. Karatasi ikarekebishwa. Nikatia saini kila ukurasa baada ya kusomewa kila ukurasa.

Wakorea pia wana siku zao za uzazi, ishirini na moja, za kumlinda mama na mtoto na wageni, na mama yule alizifuata barabara. Hakukanyaga ndani mpaka zilipotimia. Supu ya mwani, ambayo mzazi wa Kikorea hulishwa, aliiacha mlangoni kwenye sufuria yenye kitambaa. Binti yangu aliipenda, mimi nilirudi kwenye uji wa pilipili manga.

Namba ya BBB ni 1588-5644. Lakini ombi langu ni kwa vijana wetu mliosoma Korea, au Uturuki, au China, mkarudi na lugha za huko au mkabaki nazo huko huko. Wakalimani wote walionisaidia Seoul walikuwa Wakorea waliojisumbua kujifunza lugha yetu. Jiandikisheni kwenye huduma kama hizo, na kama haziko mlipo, acheni namba zenu msikitini, kanisani au kwenye jumuiya ya wanafunzi. Kwangu hiyo ni fardhi kifaya. Na mkishapokea simu, kila mliyemsemea mumsomee alichosema kabla hajatia saini, hata akiwa na haraka, hata asipouliza.